Masomo Gerezani: Nani Hulipa, na Bajeti Ikipunguzwa Ni Nini Hutokea?

Wafungwa wengi walio gerezani leo watamaliza vifungo vyao na kurudi nyumbani. Watarudi katika wadi zetu, sokoni na kwa familia zao. Je, watarudi na ujuzi wa kujitafutia riziki, au watarudi vile walivyoingia? Jibu linategemea, kwa kiasi kikubwa, fedha zinazotengewa masomo gerezani.

Magereza ni jukumu la nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka huduma za urekebishaji tabia chini ya serikali ya kitaifa. Ndiyo maana huwezi kuona fungu la magereza katika bajeti ya kaunti. Katika elimu, kaunti zilipewa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Bajeti ya magereza huidhinishwa na Bunge la Kitaifa.

Wafungwa husoma nini?

Katika magereza kama Kamiti, Naivasha na Shimo la Tewa, wafungwa wamekuwa wakifanya mitihani ya kitaifa. Miongoni mwa walimu wao ni maafisa wa magereza na wafungwa wenzao walioelimika. Wengine hujifunza kazi za mikono kama useremala, ushonaji na uashi.

Kwa nini masomo huumia mapema?

Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa mwezi Juni kufuatia maandamano, wizara na idara nyingi za serikali ya kitaifa zilipunguziwa fedha. Upungufu wa namna hiyo ukifika gerezani, kuna gharama ambazo haziwezi kuahirishwa. Mfungwa lazima ale leo, askari alipwe mshahara, na mahabusu afikishwe mahakamani siku ya kesi. Vitabu, mbao na cherehani vinaweza kusubiri, na hakuna anayelala njaa kwa sababu hiyo. Hasara yake huonekana baadaye, mtu anapoachiliwa bila cheti wala ufundi.

Wengine walijifunza nini?

Marekani ilipitia hali hii. Mwaka 1994, sheria ilipiga marufuku wafungwa kupata ruzuku ya masomo ya chuo iitwayo Pell, ingawa walikuwa wakitumia chini ya asilimia 1 ya fedha zake. Programu nyingi za vyuo gerezani zilifungwa. Mwaka 2013, utafiti wa shirika la RAND ulikadiria kwamba kila dola 1 inayotumiwa kwa masomo ya wafungwa huokoa dola 4 hadi 5 za kuwafunga tena katika miaka 3 baada ya kuachiliwa. Ruzuku hiyo ilirejeshwa kikamilifu Julai 2023, takriban miaka 30 baadaye.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Kwanza, toa maoni. Makadirio ya bajeti ya kitaifa hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya bajeti kusikiliza wananchi. Unaweza kuwasilisha maoni kwa maandishi, au kupitia mbunge wako.

Pili, uliza kuhusu vyuo vyetu vya ufundi. Bajeti yake hujadiliwa katika vikao vya umma vya kaunti, na hapo mwakilishi wadi wako ana kura. Aliyeanza useremala gerezani anaweza kuumalizia huko, mradi nafasi na vifaa viwepo.

Tatu, fahamu kwamba Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizi mbili kuhamishiana majukumu kwa makubaliano, na fedha za kutekeleza jukumu hilo lazima ziambatane nalo. Kwa hivyo, pendekezo la kaunti kusaidia masomo gerezani si ndoto, lakini haliwezi kuanza bila makubaliano hayo.

Mwananchi, kikao cha bajeti kikitangazwa katika wadi yako, hudhuria. Fungu lisilotetewa na mtu ndilo hukatwa kwanza.