Dawa ya nyanya isiwe sumu ya mtoto

Jioni moja, miaka michache iliyopita, mama mmoja aliingia mbio katika kliniki yangu akiwa amembeba mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa akitapika, akitokwa na mate na jasho jingi, na kifua chake kikilia kama filimbi. Nakiri kwako, msomaji, kwamba jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa nimonia. Nilikuwa hata nimeshika kalamu kuandika jina la ugonjwa huo. Ndipo nilipommulika macho kwa kurunzi, nikaona mboni zake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Mama, nyumbani kuna sumu yoyote?" nikamwuliza.

"Hapana, daktari. Sumu hatuna. Kuna dawa ya nyanya tu."

Nilidhani anazungumzia vidonge vya bibi yake mtoto, pengine vya shinikizo la damu. Nilipomwuliza nyanya anaugua nini, alinitazama kwa mshangao. Nyanya alizozitaja zilikuwa za kula. Alikuwa amezipanda kwenye magunia mawili katika roshani ya nyumba yao ya ghorofa, majani yakaanza kukauka, naye akauziwa dawa ya wadudu iliyomiminwa katika chupa ya soda. Mchana huo alikuwa amenyunyizia mimea, na mtoto akabaki akicheza papo hapo. Shati lake lilikuwa bado linanuka dawa.

Tulimvua nguo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukampa oksijeni na sindano ya kwanza, kisha akakimbizwa hospitali kubwa. Alilazwa siku kadhaa, akapona. Si kila mtoto hupata bahati hiyo.

Lugha yetu ina neno moja, dawa, kwa kitu kinachomponya mtu na kwa kitu kinachoua wadudu. Mama yule hakunidanganya. Kwake, kitu kilichoitwa dawa hakingeweza kuwa sumu. Kwa sababu wengi wetu mijini sasa tunakuza mboga kwenye magunia, mitungi na ndoo kuukuu, ni vyema tuzungumze juu ya adui aliyemfanya mama huyo anunue chupa ile.

Adui asiyeuma

Adui mwenyewe huitwa utitiri mwekundu. Ni mdogo mno, hafiki nusu milimita, na bila kioo cha kukuza huonekana kama chembe ya vumbi inayotembea. Ingawa tunamwita mdudu, ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui na kupe. Hukaa upande wa chini wa jani, akilitoboa na kunyonya maji yake. Jani huota vidoa vyeupe au vya manjano vidogo vidogo, hugeuka rangi ya shaba, kisha hukauka. Wakizidi, utaona utando mwembamba kama wa buibui kati ya majani na shina.

Utitiri hawa hushambulia nyanya, managu, maharagwe, mipapai, mawaridi, na hata bangi inayokuzwa ndani ya nyumba katika nchi zilizoihalalisha. Aina moja kali, yenye asili ya Amerika Kusini na inayopenda sana nyanya na managu, ilitambuliwa nchini Kenya mwaka wa 2001. Joto na ukavu ndio rafiki zao wakubwa. Wakati wa jua kali, yai huweza kuwa utitiri kamili kwa muda wa juma moja hivi, na jike mmoja hutaga mayai mia au zaidi. Roshani inayopigwa na jua, isiyopata mvua, ni makao wanayoyapenda.

Sasa nisikilize kwa makini. Utitiri huyu hamuumi binadamu, hanyonyi damu, wala haleti ugonjwa ndani ya nyumba yako. Wafanyakazi wa mashamba ya vioo na plastiki wanaokaa kati ya mamilioni ya utitiri huweza kupata mafua ya mzio au pumu, lakini magunia mawili ya nyanya hayana hatari hiyo. Hasara yake kubwa kwako ni mboga. Hasara ya sumu yaweza kuwa mtoto.

Kwa nini dawa nyingi hazifai

Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya wadudu hazimwezi utitiri, maana yeye si mdudu kamili. Zinachoua ni maadui zake, yaani wadudu wazuri na aina nyingine ya utitiri ambao chakula chao ni utitiri mwekundu. Jambo hili lilionekana sehemu nyingi za dunia baada ya Vita Vikuu vya Pili, DDT ilipoanza kutumiwa mashambani. Wadudu wengine walikufa, lakini utitiri wakaongezeka kuliko mwanzo. Ndiyo sababu mashamba kadhaa ya maua hapa Kenya huwafuga hao utitiri wazuri na kuwamwaga juu ya mimea, badala ya kutegemea bomba la dawa peke yake.

Tibu mmea kama umtibuvyo mgonjwa

Kwanza, hakikisha ugonjwa. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, uligonge jani kwa kidole, kisha tazama. Ukiona vijidoa vinatembea, hao ndio.

Pili, anza na tiba nyepesi. Kata majani yaliyoharibika sana, uyafunge katika mfuko na kuyatupa mbali na mimea. Kisha osha upande wa chini wa majani yaliyobaki kwa maji yenye nguvu kiasi, kila baada ya siku mbili au tatu. Maji huwaangusha utitiri na kuvuruga utando wao.

Tatu, wasipoisha, tumia maji ya sabuni. Changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji safi. Usitumie sabuni ya unga wala dawa ya kung'arisha nguo, kwa sababu huunguza majani. Jaribu kwanza jani moja, ungoje siku nzima. Likisalimika, nyunyizia jioni jua likiwa limepungua, ukilenga chini ya majani, maana sabuni humwua tu utitiri iliyemgusa. Haiui mayai. Kwa hiyo rudia kila baada ya siku nne au tano, angalau mara tatu. Hapa ndipo watu wengi hushindwa. Ni kama wale wagonjwa wangu wanaoacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka. Maliza dozi.

Nne, utenge mmea mpya kwa majuma mawili kabla ya kuuweka pamoja na mingine, na unawe mikono baada ya kuushika mmea mgonjwa. Mmea ukishindwa kabisa, ung'oe. Mche wa nyanya hauna bei kubwa.

Usidanganywe na dawa za kienyeji zinazosifiwa ujiranini, kama maji ya tumbaku au mafuta ya taa. Nikotini iliyo katika tumbaku ni sumu kali, nayo hupenya ngozi. Mafuta ya taa yakimezwa na mtoto huingia mapafuni.

Ukilazimika kununua dawa

Usinunue kamwe dawa iliyopimwa katika chupa ya soda au ya maji. Nunua chupa iliyofungwa, yenye karatasi ya maelezo na nambari ya usajili ya PCPB. Angalia kama imetajwa kuwa ni ya utitiri na kama yafaa kwa mboga. Utepe mwekundu kwenye karatasi hiyo ni ishara ya sumu kali, usiiingize nyumbani. Soma ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma, uzihesabu barabara. Kuosha mboga hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya dawa huingia ndani ya jani lenyewe. Usinyunyizie mahali pasipo na upepo wa kutosha, wala karibu na nguo zilizoanikwa. Na iwapo huna kabati la kufunga kwa ufunguo, basi huna mahali pa kuweka dawa hiyo.

Mtu akipatwa na sumu

Dawa nyingi kali za wadudu, hasa za kundi la oganofosfeti, huharibu kitu mwilini ambacho kazi yake ni kuzima ishara za mishipa ya fahamu. Ishara zikikosa wa kuzizima, macho hutoa machozi, mdomo mate, na mapafu hujaa maji. Mgonjwa hutapika, huharisha, misuli hutetemeka, na mboni za macho husinyaa. Dalili zaweza kuanza katika dakika chache au baada ya saa kadhaa. Sumu hupita kinywani, puani na hata katika ngozi nzima isiyo na kidonda.

Mtoe mgonjwa mahali penye dawa. Mvue nguo zote, umwoshe mwili na nywele kwa sabuni na maji, nawe ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mayai mabichi wala mafuta. Akilegea, mlaze kwa ubavu. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa au karatasi ya maelezo, kwa kuwa jina la sumu humwonyesha daktari njia ya tiba. Huko ataweza kupewa atropini, ambayo imeokoa wengi waliofikishwa mapema.

Na daktari atakapokuuliza kama kuna sumu nyumbani, usitafakari sana maana ya neno hilo. Mtajie kila kitu: dawa ya panya, ya kombamwiko, ya kupe, ya nyanya. Mwache yeye aamue ipi ni dawa na ipi ni sumu.

Mama yule bado huja kwangu. Magunia yake yangali pale rohoni mwa roshani, na mwanawe sasa ndiye anayeyanyunyizia maji ya sabuni. Mara ya mwisho waliniletea nyanya kumi. Nilizila bila wasiwasi.