Baridi na Meno: Utunzaji wa Kinywa Wakati wa Kipupwe Katika Uwanda wa Makonde

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi huvuma juu ya uwanda wa Makonde na kuleta kipupwe. Baridi ya Newala na Kitangari si baridi ya theluji. Hata hivyo usiku joto hushuka chini ya digrii 20 za Selsiasi, na asubuhi maji yaliyolala mtungini huwa baridi kiasi cha kumfanya mtoto asite kuyatia kinywani. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za upepo mkali wa jioni wa mahali hapo, na habari za shida ya maji. Mambo hayo mawili, upepo na maji, yanahusiana sana na afya ya kinywa.

Katika miezi hiyo watu wengi hulalamikia meno. Mtu ambaye jino lake halikumsumbua tangu masika hushtuka anapokunywa maji ya alfajiri, au anapovuta pumzi kwa mdomo akiwa njiani kwenda shuleni. Wengi huamini kwamba baridi ndiyo iliyoingia jinoni, na kwamba ikiondoka, ugonjwa nao utakwisha. Imani hiyo si sahihi, tena ina hatari. Baridi haitoboi jino wala haiozeshi ufizi. Kazi yake ni kufichua ubovu uliokwisha kuanza. Anayengoja joto la Septemba limtulizie maumivu huwa ameinyamazisha kengele na kuuacha moto ukiendelea kuwaka.

Kwa nini jino huhisi baridi?

Jino lina tabaka tatu. La nje, linaloonekana kinywani, ni enameli, ambayo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini; takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfeti. Enameli haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo haihisi kitu. Chini yake iko dentini, iliyo laini zaidi. Ndani kabisa imo sehemu laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Dentini si kitu kilichoshikamana kama jiwe. Imejaa vijimirija vyembamba mno. Katika eneo la milimita moja ya mraba huwamo zaidi ya 10,000. Vijimirija hivyo vina majimaji. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Martin Brännström, alieleza kwamba dentini inapoachwa wazi, baridi, upepo au kitu kitamu huyafanya majimaji hayo yasogee ghafla, na msogeo huo huiamsha mishipa ya fahamu. Mwaka 2021 watafiti wa mataifa kadhaa waliongeza jambo jingine: seli zinazotengeneza dentini zina kipokezi cha baridi, kiitwacho TRPC5, ambacho hupeleka habari za baridi kwenye mishipa ya fahamu.

Utafiti huo wa 2021 ulitoa pia maelezo ya dawa ya siku nyingi. Mafuta ya karafuu, zao la Unguja na Pemba, yana kemikali iitwayo eujenoli, na eujenoli huzuia kipokezi hicho kisifanye kazi. Basi wazee waliotuliza jino kwa karafuu hawakukosea. Lakini karafuu hutuliza tu; haizibi tundu. Mafuta yake yakiwa makali huunguza ufizi, na hayafai kutiwa kinywani mwa mtoto mdogo.

Ni dhahiri, basi, kwamba jino lililofunikwa vyema na enameli na ufizi halisumbuliwi sana na upepo wa kusi. Linaloumia ni lile lililotoboka, lililopasuka, lililolika, au ambalo ufizi wake umerudi nyuma ukaacha shina wazi. Enameli ikishaondoka haioti tena.

Ukoga na tindikali

Kinywani mwa kila mtu huishi bakteria. Pamoja na mate na mabaki ya chakula, hufanya utando unaonata juu ya meno, uitwao ukoga. Bakteria hao hutumia sukari na kutoa tindikali. Robert Stephan wa Marekani alionyesha, katika tafiti zake za miaka ya 1940, kwamba dakika chache baada ya sukari kuingia kinywani, pH ya ukoga hushuka sana. Inapofika chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake. Mate huchukua nusu saa, hata saa nzima, kuirudisha hali ya awali na kuanza kulirudishia jino madini.

Mwalimu anaweza kuonyesha kazi ya tindikali kwa jaribio jepesi. Yai la kuku likitumbukizwa katika siki na kuachwa usiku kucha, gamba lake hulainika na kuyeyuka. Gamba la yai ni kalsiamu kaboneti na jino ni kalsiamu fosfeti, kwa hiyo mambo hayo hayafanani kwa kila hali. Hata hivyo wanafunzi watajionea jinsi tindikali dhaifu inavyoweza kukila kitu kigumu, mradi ipewe muda.

Muda ndio unaoleta hatari ya kipupwe. Wakati wa baridi watu hupenda chai ya moto yenye sukari nyingi, na uji mtamu. Anayekunywa vikombe viwili pamoja na chakula huyapa meno yake misukosuko miwili tu kwa siku. Anayekunywa kiasi hicho hicho funda moja moja tangu asubuhi hadi jioni, huyaacha meno yake katika tindikali karibu mchana kutwa. Sukari ni ile ile, lakini madhara hayalingani.

Mafua nayo huchangia. Pua ikiziba, mtu hupumua kwa mdomo, hasa usingizini, na kinywa hukauka. Aidha, katika baridi kiu hupungua, na watu hunywa maji kidogo. Mate yanapopungua, meno hukosa mlinzi wao mkuu.

Majuma matatu yanatosha

Fizi hudhurika upesi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Denmark walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 12 wenye fizi zenye afya. Watu hao waliacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia kusafisha, uvimbe uliondoka katika muda wa wiki moja hivi.

Jaribio hilo lina fundisho kwa shule za uwandani. Kipupwe hudumu kwa miezi mitatu. Mwanafunzi anayeacha kupiga mswaki mwanzoni mwa Juni kwa kuogopa maji ya baridi, huenda fizi zake zikatoa damu kabla mwezi huo haujaisha. Akiona damu huogopa zaidi, akauweka mswaki kando ili asijiumize. Hilo ni kinyume cha linalotakiwa: damu ni dalili kwamba ukoga umebaki pale, na dawa yake ya kwanza ni kuuondoa kwa upole kila siku. Ukiachwa, hugeuka kuwa mgumu kama chokaa, na kwa watu wengine ugonjwa huteremka hadi kwenye mfupa unaoshika jino. Jino lisilo na tundu hata moja laweza kulegea na kung'oka kwa njia hiyo. Tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, huzidisha hatari hiyo.

Shida ya maji si udhuru

Mchanga wa uwanda wa Makonde hupitisha maji ya mvua upesi yakazama chini, na kwa hiyo mito juu ya uwanda ni nadra. Zamani akina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu, na chanzo cha Mitema, upande wa Kitangari, kimekuwa tegemeo kubwa la mradi wa Makonde. Hata hivyo thamani ya ndoo ya maji inajulikana katika kila nyumba, na si ajabu mtu kuona kwamba kusukutua kinywa ni ubadhirifu.

Kwa bahati njema, njia iliyo bora kwa meno ndiyo inayotumia maji machache. Dawa ya meno yenye floridi huimarisha enameli kwa kusaidia madini yarudi mahali pake. Ili ifanye kazi hiyo sharti ikae juu ya jino. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kwamba, baada ya kupiga mswaki, mtu ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Robo kikombe yatosha kulowanisha mswaki na kuuosha. Maji hayo yakipashwa yawe vuguvugu, hata jino linalohisi baridi halitalalamika.

Mambo ya kufuata ni haya:

1. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Mara iliyo muhimu zaidi ni kabla ya kulala, kwa kuwa usingizini mate hupungua.

2. Kutumia dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mbaazi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, na asiimeze. Floridi ikizidi wakati meno yanapokua huyatia madoa ya kahawia, kama yanavyoonekana katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro ambako maji yana floridi nyingi.

3. Asiye na mswaki wa dukani atumie mswaki wa mti, uliotafunwa ncha mpaka ukawa laini. Auelekeze pia kwenye magego na upande wa ndani, sehemu zinazosahauliwa mara nyingi.

4. Kunywa chai tamu pamoja na chakula, na kunywa maji matupu katikati ya milo hata kama kiu haipo.

5. Kula machungwa, yenye faida kubwa kwa fizi, lakini kungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana tindikali yake huilainisha enameli kwa muda.

Kuyatambua maumivu

Si kila maumivu ya kipupwe yana chanzo kimoja. Mashina ya magego ya juu yako karibu na vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya mashavu. Vyumba hivyo vikivimba kwa mafua, magego kadhaa huuma kwa pamoja, na maumivu huzidi mtu anapoinama. Hayo hupoa mafua yanapopoa.

Maumivu yanayokuja na maji baridi na kukoma mara maji yanapoondoka huonyesha kwamba dentini iko wazi. Jino kama hilo huweza kuokolewa kwa kuzibwa mapema. Maumivu yanayodumu kwa dakika nyingi, au yanayomwamsha mtu usiku, ni dalili kwamba sehemu ya ndani imeshambuliwa. Uso ukivimba, homa ikipanda, au mtu akashindwa kumeza au kufungua kinywa, afikishwe kituo cha afya au hospitali bila kukawia, kwa kuwa usaha wa jino waweza kuenea shingoni na kumziba pumzi. Kutia petroli, majivu au vitu vingine vikali ndani ya tundu huunguza tu na kuchelewesha tiba.

Wakulima wa Newala na Masasi wanaielewa vyema kanuni ya kutangulia. Kipupwe ndicho wakati mikorosho inapochanua, na ndicho wakati ubwiriunga unaposhambulia maua. Mkulima hangoji ua likauke ndipo atafute salfa. Huukinga mkorosho mapema, kwa sababu anajua kwamba ua lililokufa halizai korosho. Enameli nayo iliyokwisha kuyeyuka hairudi. Mwalimu atakayewazoeza wanafunzi wake kupiga mswaki kila siku tangu Mei, kabla ya kusi kukaza, atakuwa amewakinga na maumivu ambayo wengi wameyazoea na kuyaita ya msimu.