SUMAKU KICHWANI: Dawa ya wasiwasi au ulaji wa watu?

Moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, usingizi hauji, na ukiulizwa unaogopa nini huna jibu. Washikaji watakwambia ujikaze. Lakini wasiwasi wa namna hiyo ukikuandama miezi, ukakufanya ukimbie kazi au darasa, huo si uoga tena. Ni ugonjwa, na unatibika.

Sasa Ulaya na Marekani kuna tiba ya kuwekewa sumaku kichwani. Najua ukisikia hivyo unawaza wale waganga wa matangazo. Tulia kwanza, hii ipo kweli.

Mwanzo wake ni Uingereza. Mwaka 1985, pale Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme wa ghafla kwenye koili hiyo, na mkono wa mtu yule ukacheza wenyewe! Kanuni ni ile ya Faraday ya mwaka 1831 tuliyokaririshwa shuleni: sumaku inayobadilika huzalisha umeme. Hapa umeme unazaliwa ndani ya ubongo, sentimeta chache tu chini ya fuvu, bila kisu wala sindano.

Usichanganye na ule mshtuko wa umeme wa kwenye sinema. Huku hulazwi usingizi. Unakaa kwenye kiti, unaziba masikio maana mashine inagonga ta-ta-ta, ukimaliza unakwenda zako. Kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Wengine huumwa kichwa, na kwa nadra sana mtu huweza kuanguka kama mwenye kifafa. Mwenye chuma kichwani, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, asiisogelee.

Je, wasiwasi unaondoka? Hapo fungua macho, msomaji wangu. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, iliiruhusu kwa sonona. Mwaka 2018 ikairuhusu kwa ugonjwa wa kurudiarudia, ule wa mtu kunawa mikono mpaka inachubuka, au kukagua kitasa mara ishirini kabla ya kulala. Mwaka 2021 ikaruhusu kwa wasiwasi, lakini ule unaoandamana na sonona. Wasiwasi peke yake haukuwemo katika ruhusa hizo tatu.

Tazama jaribio la ule ugonjwa wa kurudiarudia. Wagonjwa walikuwa 100. Karibu nusu walipata mashine ya kweli, waliobaki wakapewa feki. Kwa mashine ya kweli, asilimia 38 walipata nafuu ya maana. Kwa feki, asilimia 11.

Kwa hiyo mashine inafanya kazi, sikatai. Lakini zaidi ya nusu hawakufikia nafuu hiyo, na wapo waliopata nafuu kwa mashine feki! Ndiyo maana mimi ushuhuda wa "nilikaa kwenye kiti nikapona" haunitoshi. Hata Waingereza, wenye asili ya kitu hiki, taasisi yao ya NICE ilisema mwaka 2020 kwamba kwa ugonjwa huo huo ushahidi haujatosha, itumike kwenye utafiti tu.

Basi kama wasiwasi unakutesa, anzia hospitali. Tiba ya mazungumzo na vidonge vya daktari vimepimwa miaka mingi, na watu wengi vinawasaidia. Akitokea mtu wa kukuuzia sumaku, muulize: imeruhusiwa kwa ugonjwa wangu, au kwa wa jirani? Ilishindanishwa na feki, ikashinda kwa kiasi gani? Daktari anayeisimamia ni nani?

Akianza kubabaika, shika ngawira zako uondoke. Au vipi?