Maji ya Lang'ata, Mafuriko ya Kware

Mto unaopita karibu na mitaa ya Kware na Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi, huitwa Ngong, ila huko juu jina lake ni Motoine. Huchipuka pande za Dagoretti, hukata Msitu wa Barabara ya Ngong ambao ni hifadhi ya serikali, hupita Kibera hadi Bwawa la Nairobi la mwaka 1953, kisha hushuka South C na Eneo la Viwanda mpaka Embakasi, iliko mitaa hiyo. Kila kipande cha ukingo kinachozibwa huko juu kina mlipaji wake huku chini. Ndiyo maana nashikilia kwamba leseni ya jengo lolote kubwa la biashara kando ya mto huu ipimwe kwa yale yatakayomfika mkaaji wa Kware.

Udongo wenye miti hunywa mvua na kuiachilia polepole. Paa na lami havinywi. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ya paa na maegesho ni lita 500,000, yaani bowza 50 za lita 10,000. Msituni, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini au kuchelewa kufika mtoni. Kwenye lami huingia mtaroni kwa dakika chache, yakiwa na mafuta ya magari. Kinachobomoa nyumba ni maji ya viwanja vingi kufika kwa mpigo mmoja. Bwawa lingeyashika, lakini limejaa matope na magugu maji.

Wajenzi husema wanaleta ajira, na kwamba hati wanazo. Ajira tunazihitaji sana, ila duka likisogezwa mita 30 kutoka mtoni huajiri watu wale wale. Kuhusu hati, kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka mito katika ardhi ya umma, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni Mombasa, kwamba hati pekee haimlindi mtu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria. Mwanya uko kwingine: kanuni hutaja ukingo wa mita 6 hadi 30, na mwenye pesa hupimiwa 6. Jumba la maduka la South End, Lang'ata, lilibomolewa Agosti 2018 kwa madai ya kukalia mto huu huu. Wengi walishangilia, mimi naona tulikuwa tumeshindwa tayari siku msingi ulipochimbwa, kwani sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari zichunguzwe kabla ya hapo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba hata wa huku chini wamejenga ukingoni na kutupa taka mtoni. Ni kweli, na mabati ya Mukuru nayo hayanywi maji. Lakini maji ya Mukuru hayapandi kumfuata mtu Lang'ata. Baada ya mafuriko ya 2024 yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, matingatinga yaliteremka Mukuru, na serikali ikaahidi kila familia iliyoondolewa shilingi 10,000. Hakuna aliyeuliza hayo maji yalitoka kwenye maegesho ya nani. Leseni iseme ni lita ngapi zitatoka kiwanjani mvua kubwa ikinyesha saa moja, na tangi la kuzishika litajengwa wapi. Karatasi hiyo ibandikwe, kwa Kiswahili, kwenye ofisi za machifu wa Embakasi kabla siku za kutoa maoni hazijaisha.