Ghala la Mafaili Nyumbani: Bei ya Kisanduku Siyo Gharama Yote

MNUNUZI wa kifaa cha kuhifadhia mafaili nyumbani, kile ambacho wenye maduka ya kompyuta hukiita NAS, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya kisanduku. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Vifaa vingi vya aina hii huuzwa vitupu. Diski mbili au nne zinazowekwa ndani yake ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya fedha, ndizo zinazochakaa kwanza, na ndizo zenye hila nyingi sokoni.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na bidhaa hii, ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, inayounganishwa kwa kebo na ruta ya nyumbani na kuwahudumia watu wote wa nyumba hiyo. Picha za simu za wanafamilia, hesabu za duka, stakabadhi zilizopigwa skani na video za harusi vyote hukaa mahali pamoja, na watu kadhaa huweza kuvifungua kwa wakati mmoja. Tofauti yake na nafasi ya kukodi katika wingu la Google au Apple ni kwamba hakuna ankara ya kila mwezi, na mafaili hayali bando yanapopanda na kushuka. Mwenye terabaiti 3 za video akitaka kuzipandisha kwenye wingu kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde, atasubiri karibu siku 28, usiku na mchana, bila mtandao kukatika. Ndani ya nyumba, kwa kebo ya kawaida, kazi hiyo huchukua saa 8 hivi.

Watengenezaji wa visanduku ni wengi. Synology na QNAP za Taiwan ndizo zinazofahamika zaidi, na asiyetaka kununua anaweza kuchukua kompyuta kuukuu na kuipakia programu ya bure kama TrueNAS au OpenMediaVault. Upande wa diski za kuzunguka hali ni nyingine. Baada ya Toshiba kuchukua biashara ya diski ya Fujitsu mwaka 2009, Seagate kuchukua ile ya Samsung mwaka 2011, na Western Digital kukamilisha ununuzi wa Hitachi mwaka 2012, dunia nzima ilibakiwa na watengenezaji watatu tu.

Soko la wauzaji watatu hutikisika haraka. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya Western Digital, na bei za diski zikapanda duniani kote kwa miezi mingi. Mwaka 2021 sarafu ya kompyuta iitwayo Chia, ambayo huchimbwa kwa kujaza diski, iliwafanya watu wanunue diski kwa mamia, na zile kubwa zikaadimika. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya vituo vikubwa vya akili bandia, vilivyosababisha bei ya kumbukumbu za RAM kuruka. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa misukosuko hiyo humfikia ikiwa imeongezewa thamani ya dola, kwa kuwa bidhaa yote huagizwa kwa fedha za kigeni. Anayepanga kupanua ghala lake mwakani afahamu kwamba bei ya diski haishuki kila mwaka kama ilivyozoeleka zamani.

Hesabu ya nafasi

Diski iliyoandikwa terabaiti 4 huonekana kwenye kompyuta nyingi kama 3.6. Mnunuzi hajaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Upungufu mkubwa zaidi hutokana na jinsi diski zinavyopangwa.

Mpango huo huitwa RAID, jina lililotolewa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya mwaka 1988. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara: diski nyingi za bei nafuu zikifungwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja ya bei kali. Katika RAID 1 diski mbili huandikwa kitu kilekile, hivyo mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya 4 na siyo 8. Katika RAID 5 diski tatu za 4 hutoa 8, na nne hutoa 12, kwa kuwa ukubwa wa diski moja hutengwa kwa ajili ya kufidia ile itakayokufa. Ukichanganya diski ya 4 na ya 8 katika RAID 1 unapata 4, maana ndogo ndiyo inayotawala.

Kwa nyumba ya kawaida kisanduku cha vyumba viwili chenye RAID 1 kinatosha kuanzia. Hata hivyo, anayejua kwamba video zitaongezeka, mpiga picha za sherehe kwa mfano, ni nafuu kwake kununua mara moja kisanduku cha vyumba vinne na kuweka diski mbili tu, kuliko kununua kidogo sasa na kukiuza kwa hasara baada ya miaka miwili.

Diski ipi?

Hapa mnunuzi asiharakishe. Aprili 2020 ilifichuka kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa mahsusi kwa vifaa hivi, zilikuwa zinatumia teknolojia ya SMR bila mnunuzi kuelezwa. Katika SMR njia za kuandikia hupandana kama mabati ya paa. Nafasi hupatikana zaidi, lakini kubadilisha njia moja hulazimu kuandika upya na zile zilizolaliwa. Kwa kuhifadhi picha chache mtu hataona tofauti. Diski hiyo ikilazimika kujengwa upya kuchukua nafasi ya mwenzake aliyekufa, ndipo kasoro hujitokeza: katika jaribio moja la mwaka huo, lililotumia mfumo wa ZFS, diski ya terabaiti 4 ya SMR ilichukua zaidi ya siku 9, wakati ile ya kawaida ilimaliza chini ya siku moja. Western Digital baadaye iliitenga bidhaa isiyo na SMR kwa jina la WD Red Plus. Kwa hiyo neno "Red" peke yake kwenye lebo halitoshi. Muulize muuzaji namba kamili ya modeli na uihakikishe katika orodha ya kiwanda kabla ya kutoa fedha.

Hila ya pili ni mpya zaidi. Mapema 2025 huko Ujerumani iligundulika kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa kwenye sifuri. Zilishukiwa kutoka katika mashamba ya Chia yaliyofungwa China. Mei mwaka huo ghala moja nje kidogo ya Kuala Lumpur lilivamiwa kuhusiana na biashara hiyo. Kipimo cha kawaida cha diski, kiitwacho SMART, hakikuweza kuwaumbua wauzaji hao kwa kuwa ndicho kilichochezewa. Kumbukumbu nyingine ya ndani ya Seagate, FARM, ndiyo iliyobaki na saa za kweli, nayo husomwa kwa programu ya bure ya smartmontools. Anayenunua diski ya "mtumba" kwa hiari yake hana tatizo mradi bei ilingane na umri. Tatizo ni kulipa bei ya mpya.

Ya tatu ilitoka kwa mwenye kisanduku mwenyewe. Aprili 2025 Synology ilitangaza kwamba vifaa vyake vipya vya daraja la Plus vya mwaka huo vitataka diski zenye jina lake au zilizoidhinishwa nayo. Wateja walilalamika, na Oktoba 2025, kwa toleo la DSM 7.3, kampuni ikalegeza sharti hilo kwa diski za kuzunguka za kampuni nyingine. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayefunga mali yake kwenye mfumo wa kampuni moja: sharti la diski linaweza kubadilishwa baada ya wewe kuchagua kisanduku.

Kufunga na kuwasha

Kazi yenyewe ni ndogo. Diski huingizwa vyumbani, kebo huchomekwa kwenye ruta, na mipangilio hufanywa kwa kompyuta nyingine kupitia kivinjari. Badilisha jina na neno la siri la msimamizi, mpe kila mtu wa nyumba akaunti yake, na ruhusu kifaa kijisasishe. Usifungue mlango wa ruta ili ukifikie kifaa ukiwa safarini, hata kama fundi anakuambia ni rahisi.

Sababu ipo. Juni 2021 wenye vifaa vya WD My Book Live katika nchi mbalimbali waliamka na kukuta vimefutwa vyote. Vifaa hivyo havikuwa vimepata sasisho tangu 2015 na vilikuwa wazi kwenye intaneti. Januari 2022 programu ya kihalifu ya Deadbolt ilifunga mafaili katika vifaa vya QNAP vilivyofikika kutoka nje, na kila mwathirika akadaiwa bitcoin 0.03. Katika matukio yote mawili RAID haikusaidia chochote, kwa sababu kinachofutwa katika diski ya kwanza hufutwa papo hapo katika ya pili. RAID huondoa hasara ya diski kufa, basi. Haizuii mwizi, radi, moto, wala mtoto anayebonyeza kitufe cha kufuta. Nakala nyingine lazima iwepo mbali na kisanduku, na moja iwe nje ya nyumba.

Kuhusu umeme, kifaa cha diski mbili hutumia wati 20 hivi kikiwa kazini. Kikikesha mwezi mzima ni uniti 14 na kitu. Msomaji azidishe kwa bei anayonunulia LUKU au tokeni zake. Gharama inayosahauliwa ni UPS. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. UPS ndogo yenye kebo ya USB hukiarifu kifaa kijizime taratibu kabla betri haijaisha. Tungemshauri mnunuzi apunguze ukubwa wa diski kuliko kuiacha UPS.

Kupanua

Ghala likijaa, si lazima kununua kisanduku kipya. Katika RAID 1 diski hubadilishwa moja baada ya nyingine. Kwanza chukua nakala kamili ya kila kitu. Kisha toa diski moja ndogo, weka kubwa, na uamuru kifaa kiijenge. Terabaiti 8 kwa mwendo wa megabaiti 160 kwa sekunde huchukua karibu saa 14, na diski ya zamani iliyobaki ndiyo pekee inayoshikilia mali yote kwa muda huo. Ikiwa nayo ni ya umri uleule na dukani zilitoka pamoja, huu ndio wakati ambao inaweza kukuacha njiani. Kazi ikikamilika, na kifaa kikitamka kuwa kiko salama, ndipo ya pili ibadilishwe. Nafasi mpya haionekani mpaka zote mbili ziwe kubwa, na katika baadhi ya mifumo mpaka uamuru eneo lipanuliwe. Wapo wanaoipeleka diski dukani kuirejesha kwa kuwa "haikuongeza kitu" wakiwa wamebadilisha moja tu.

Mwendo wa mtandao nao hutazamwa. Waya wa gigabiti 1 hupitisha megabaiti 110 hivi kwa sekunde, na hiyo yatosha nyumba nyingi. Penye swichi ya zamani ya megabiti 100 katikati, mwendo huanguka hadi 11 au 12, na mwenye kifaa hulaumu diski bure. Tundu la gigabiti 2.5 lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi halina faida kama swichi na kompyuta hazina la kulingana nalo. RAM ya ziada wauzaji huipigia debe sana. Kwa kuhifadhi mafaili tu haihitajiki, isipokuwa kwa wanaoendesha programu nyingi ndani ya kifaa hichohicho.

Diski ndogo zilizotolewa zisikimbizwe sokoni. Kama vipimo vyake bado ni vizuri, moja itiwe kwenye kasha la USB, ijazwe nakala, ifungwe kwa neno la siri na ipelekwe kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, irudishwe kila baada ya miezi michache kuongezewa mapya. Inayouzwa ifutwe kabisa kwanza, kwa kuandikwa upya toka mwanzo hadi mwisho. Kufuta mafaili peke yake huacha picha na hesabu za duka mikononi mwa mnunuzi yeyote mwenye programu ya kuzirejesha.