Mlima Ukishuka, Nani Atapanda?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo siwaanzii na "hadithi njoo, uongo njoo", kwa sababu haya nitakayowasimulia yalitokea kweli, na moja lilitokea Mbeya, majirani zetu, nanyi mlikuwa mmeshazaliwa.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Aprili 2024. Mvua ilikuwa imenyesha sana mwaka ule. Katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, sehemu ya Mlima Kawetere ikaachia. Tope likateremka, likafunika nyumba zipatazo 20 pamoja na shule moja. Kwa rehema za Mungu, hakuna aliyepoteza maisha. Wenzao wa Hanang, mkoani Manyara, hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima wao liliingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Sasa mtaniuliza: mlima unashukaje? Udongo una nafasi ndogo ndogo ambazo kwa kawaida zina hewa ndani. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji huzijaza zote. Udongo unakuwa mzito na laini kwa wakati mmoja. Chini yake kuna mwamba, na maji yakifika hapo hayana pa kupita, hutelezesha kila kilicho juu. Sisi wa Tosamaganga, hapa Iringa, tunaishi kwenye mawe, kwa hiyo jambo hili tunaweza kuliona kwa macho. Nendeni mahali mvua ilipokata ukingo wa njia, mtazame: udongo kidogo juu, jiwe chini, na mizizi ikipita katikati kama uzi kwenye mshono. Mizizi ile mikubwa hushuka ikatafuta nyufa za mwamba na kujishikiza humo. Ile myembamba hutambaa pande zote na kuukamata udongo wa juu. Majani nayo hupokea kishindo cha mvua kabla haijapiga ardhi.

Lakini nawaambia ukweli wote. Mti hauzuii kila balaa. Mlima Hanang una msitu wa hifadhi, na bado sehemu yake ilikatika, kwa sababu huko mwamba wenyewe ulikuwa dhaifu na ulinyonya maji hadi ukashindwa kujibeba. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba ukishapanda miti unaweza kujenga nyumba popote. Penye mkondo wa tope pasijengwe, hata pakipandwa miti elfu.

Nimesikia wengine wakisema miti ikishaangushwa na dhoruba hakuna haja ya kupanda tena, maana itakuja nyingine iiangushe. Hao nawapeleka Unguja.

Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Vimbunga vya namna hiyo ni nadra mno kule. Meli za Sultani zilizama bandarini, na sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya kisiwa iling'olewa au kuvunjwa. Mkarafuu si mahindi, wajukuu zangu. Ukiupanda leo, unangoja miaka sita, saba au zaidi ndipo uchume. Hata hivyo mashamba yalipandwa upya. Waliochimba mashimo na kubeba miche walikuwa watumwa, na lazima tuliseme hilo, kwa sababu vitabu vingi humsifu mwenye shamba na kuwasahau wenye mikono. Pemba haikuumia sana, nayo ikazidi kupanda wakati bei ya karafuu imepanda, hadi ikaipita Unguja. Mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Dhoruba ya siku moja ilibadili historia ya visiwa viwili, na kupanda upya kukaibadili pia.

Turudi kwetu. Kila mwaka tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Ni siku njema, ila kwa Iringa mimi naiona imechelewa. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza karibu na mwisho wa Novemba na kukatika Aprili au mapema Mei. Mche ukiuweka ardhini Aprili, unapata wiki chache tu za mvua, kisha unakabidhiwa kiangazi cha miezi sita, baridi ya Juni na upepo wa Agosti. Mingi hufa hapo, watu wakabaki na picha za siku ya kupanda. Panda Desemba au Januari, mche uwe na mizizi kabla jua halijaanza kazi yake.

Na upande mti gani? Hapa ndipo watu wanapokosea baada ya maafa, maana wanataka unaoota haraka, basi wanakimbilia mlingoti. Mlingoti ni mti wa mbao na nguzo, una mahali pake. Usiuweke kwenye chanzo cha maji, utayanywa. Kwenye chemchemi na mabondeni panda mivengi, miti ya asili inayopenda maji na kuyatunza. Mpakani mwa shamba, mgrevilea unafaa. Nyumbani, mparachichi utawapa kivuli na chakula, ila uukalishe mbali na ukuta. Mti mrefu uwe mbali na nyumba kiasi kwamba ukianguka usifike kwenye bati. Na kwenye mteremko, chimbeni kwanza makingamaji kufuata usawa wa kilima, ndipo miti ifuate.

Shimo lenyewe lichimbwe sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekeni upande wake. Wa chini, mwekundu, upande mwingine. Changanyeni ule mweusi na samadi iliyooza vizuri, urudi kwanza, kwenye mizizi. Kiriba kipasuliwe kwa wembe na kiondolewe chote. Nimekuta miche iliyofukiwa na nailoni yake, mizizi ikazunguka humo ndani hadi ikajinyonga. Shindilieni udongo kwa mguu, taratibu. Juu tandazeni majani makavu, yasiguse shina. Kisha uzio wa miiba, kwa sababu mbuzi hajui kwamba ule ni mti wa kuzuia maafa.

Kiangazi kikifika, chukueni chupa ya plastiki, itoboeni tundu dogo kwa sindano ya moto, ifukieni nusu kando ya mche na kuijaza maji. Inadondosha polepole moja kwa moja kwenye mizizi. Kila mtoto awe na mti wake na chupa yake, na akienda likizo amwachie mwenzake kwa jina.

Mbegu za kitalu zisiachwe hadi mvua ianze, maana mche mzuri unataka miezi kadhaa kwenye kiriba. Kwa hiyo mwambieni mwalimu wenu shuleni kitalu kianze Julai, na mashimo yawe tayari Oktoba.