Bariere na bei ya mchele

Mwezi uliopita nilisindikiza mama kupeleka mchele Kindu kwa kinga. Kila bariere tulitoa feza, bila risiti. Iliyobaki haikutosha minervali ya mdogo wangu.

Ndiyo hapo nilimwelewa Frédéric Bastiat, Mfaransa aliyekufa 1850. Aliwacheka waliotaka reli ikatwe Bordeaux ili wapakuzi wapate kazi: basi ikatwe kila mji, isiwe reli tena! Bariere ni vile vile: wachache wanakula, mlimaji anauza bei ya chini, mnunuzi analipa ya juu.

Sisemi serikali itoke. Barabara inaomba kodi. Lakini tulipe mara moja, na risiti. Juu mama amekwisha kusema: "Mwaka kesho nitalima wa kula tu."